Karanga Nilizozipanda kwa Utepe wa Fundi

Mwanangu Sauda,

Barua huandikiwa mtu aliye mbali, nami nakuandikia huku nikikusikia. Uko uani na mama yako mnafunga mizigo, na kwa jinsi mnavyobishana juu ya ile sufuria kubwa, nadhani mtaa wetu wote wa Mbugangari umekwisha kujua kwamba kesho unapanda boti. Mimi niko dukani mbele ya cherehani, najifanya nina kazi ya haraka. Nimetandaza suruali ya mtu juu ya meza, karatasi iko chini yake. Mama yako akichungulia, navuta suruali. Amechungulia mara mbili. Mara ya pili ameniuliza suruali hiyo ina miguu mingapi, maana tangu adhuhuri haijaisha.

Sitakuambia habari za kuamka mapema, wala za kumheshimu mume, wala za kupima chumvi. Mama yako na shangazi zako wamekuambia hayo wiki mbili mfululizo, na mengine niliyoyasikia kupitia ukutani yangenifaa hata mimi. Nakuandikia kwa ajili ya maneno uliyoyasema Alhamisi, siku moja kabla ya ndoa.

Shangazi wa mumeo, Bi Mwavita, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amechoka na safari ya kutoka Bugarama. Ulimletea chai. Akakutazama kama mtu anavyotazama kitambaa kabla ya kukinunua, na akakuuliza jambo ambalo kwao ni la kawaida kabisa, maana huko wanaishi kwa karanga.

"Binti, we unajua kulima karanga?"

Ukajibu ukiwa umeinamisha kichwa: "Kulima najua, shangazi. Kupalilia, kuvuna, yote najua. Lakini mbegu musinipe. Mukono yangu ni mubaya. Kitu yote naipanda inakufa."

Bi Mwavita akacheka, akadhani ni adabu ya bibi harusi. Mama yako naye akacheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba husemi mzaha, na nilijua maneno hayo yametoka wapi. Nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe mkononi, nina nafasi ya kufungua kinywa na kusema kweli. Nikafungua kinywa. Nikasema: "Chai ya leo iko na tangawizi muzuri sana."

Basi, ndiye baba uliyepewa.

Mkono wako si mbaya, Sauda. Haukuwa mbaya hata siku moja. Niliyeharibu karanga zako ni mimi, na nimekuacha uamini uongo huu tangu ulipokuwa na miaka kumi na moja mpaka leo una kumi na tisa. Sasa tulia nikueleze yote kwa utaratibu, na uniruhusu nicheke ninapoweza, maana nisipocheka nitaacha kuandika.

Unakumbuka lile shamba letu dogo njia ya kwenda Rubona, lenye udongo mweusi na mawe ambayo kila mwaka tunayatoa na kila mwaka yanarudi. Lilikuwa la bibi yako, mama wa mama yako. Mwaka ule alisema magoti yanamsumbua, akaligawa vipande vitatu: kimoja chake, kimoja changu, na kile kidogo kabisa cha pembeni akakupa wewe. Mimi nilikuwa sijalima tangu utoto. Nilikuwa fundi cherehani wa mjini, mwenye miwani na kalamu sikioni, na niliamini kwamba mtu anayeweza kukata koti la mzungu bila kukosea bega hawezi kushindwa na karanga.

Mvua za kwanza za Septemba ziliponyesha, bibi yako alikuwa shambani kabla udongo haujakauka juu. Alikuchukua na wewe. Mlipanda siku mbili, yeye kipande chake na wewe chako, ukifuata vidole vyake. Alikuja dukani jioni ya pili, matope mpaka magotini, akanikuta nimezungukwa na kanzu.

"Weye fundi, mvua imekuja. Unangoja nini?"

"Idi ya kuchinja iko karibu, mama. Niko na kanzu ya watu makumi mawili. Nitapanda kisha Idi."

"Karanga haijue Idi," akasema, akaenda zake.

Nilishona mpaka Idi. Baada ya Idi nikapumzika, maana nilikuwa nimeshona mpaka Idi. Kisha akaja mtu wa harusi. Nilipofika shambani zilikuwa zimepita karibu wiki nne, na karanga zenu zimekwisha kufunika udongo, huoni hata pa kuweka kidole. Nilizitazama nikazihurumia. Machoni pangu zilikuwa zimebanana kama watu kwenye lango la mpaka asubuhi ya soko. Nikasema moyoni, hawa wanawake hawajui kwamba mmea nao unataka kupumua.

Mimi nilipanda kwa utepe wa kupimia. Usicheke, au cheka, ni sawa. Nilichukua utepe wangu wa kazi, chaki, na uzi mweusi mzito wa kushonea makoti. Nilivuta uzi kutoka jiwe hadi jiwe, mstari ukanyooka kama pindo. Kati ya mbegu na mbegu niliacha urefu wa mkono mzima, kuanzia bega hadi ncha ya kidole. Kila shimo lilikuwa na mbegu moja, na kila mbegu nililaza upande mmoja, kichwa kikitazama ziwa. Bibi yako alisimama kwenye ukingo wa shamba na jembe lake.

"Sasa hii unaipimia kifua ao kiuno?"

"Napimia hewa, mama. Karanga inataka hewa."

"Yewe!" akasema bibi yako. "Karanga haiko shati."

Nikamjibu kwa heshima kwamba ulimwengu unaendelea. Hilo ndilo jibu langu kila ninaposhindwa kujibu.

Zikaota, Sauda, na zikapendeza! Palikuwa na udongo mweusi, na katikati yake jani la kijani, kisha udongo tena, kisha jani. Ungeweza kusimama barabarani ukazihesabu. Nilipalilia mpaka hapakuwa na jani hata moja lisilo langu. Watu waliokuwa wakipita kwenda bandari ya Rubona walisimama kutazama, na mimi nilikuwa naegemea jembe ili wajue shamba ni la nani.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Siku moja wewe ulikuwa madrasa. Mimi nilikuwa shambani, nimemaliza kwangu, na utepe uko shingoni. Mtu mwenye utepe shingoni hawezi kukaa bure, lazima apime kitu. Nikageuka nikaona kipande chako kidogo, kimesongamana, kimefungana kabisa. Nikasema, ngoja nimtengenezee mwanangu, akirudi afurahi. Nikavuta uzi. Nikapima. Kila mche uliokuwa nje ya kipimo nikaung'oa. Kati ya mitatu niling'oa miwili. Ilikuwa miche mizima, ya kijani kibichi, yenye mizizi iliyoshika udongo kama vidole. Niliifunga mafungu mafungu kwa uzi, kwa sababu siwezi kuacha mabaki ovyo, nikayaweka nyuma ya mawe.

Ukaja mbio kutoka madrasa na ubao wako mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kusema, "Tazama baba yako amekufanyia nini." Ukasimama. Ukatazama. Ulianza kuhesabu kwa kidole, na katikati ya kuhesabu ukaanza kulia, kulia kule kwa kimya, machozi tu. Ukaniuliza: "Baba, nani amekula karanga yangu?"

Nikasema: "Labda kunguru."

Maneno mawili tu. Nimeshona maelfu ya nguo, nimekosea nyingi, lakini sijawahi kukata kitu kibaya kama maneno yale mawili. Ukaokota jiwe, ukamtupia kunguru aliyekuwa amekaa kwenye mparachichi wa jirani, ambaye hakuwa na hatia yoyote. Mwezi mzima ulikuwa unawatupia kunguru mawe. Nilikuwa nikikuona, nafanya kama natafuta sindano.

Baada ya wiki chache karanga zangu zikaanza kubadilika. Majani yakawa madogo madogo, yakajikusanya pamoja, kila mche ukawa duara lililojaa kama ua, na rangi ikawa ya manjano yenye kung'aa. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilidhani ndiyo ile hewa. Nilifurahi, Sauda. Ijumaa baada ya sala nilichukua wazee watatu wa msikitini nikawapeleka njia nzima, jua kali, kwenda kuona. Nikawaambia hizi ni karanga za kisasa, hazitambai ovyo, zinakaa mahali pake. Wazee wakasifu. Mmoja akaomba mbegu. Nikamwambia asubiri mavuno, nitampa debe.

Mavuno yalipofika nilivaa shati safi. Niling'oa mche wa kwanza mbele ya bibi yako, ule mzuri kuliko yote. Ukatoka na mizizi, na kwenye mizizi palikuwa na maganda mawili. Moja lilikuwa tupu. Jingine nikalipasua, ndani mna kitu kidogo kama jino la mtoto mchanga. Nikasema huu ulikuwa mgonjwa, nikang'oa mwingine. Nikaenda mstari mzima hivyo, kila mmoja nikiuita mgonjwa, mpaka nikafika mwisho na sikuwa na wa kuuita mzima. Bibi yako alikuwa anavuna chake polepole, na kila alichong'oa kilining'inia karanga.

Na chako kilikuwa kama changu. Baada ya kukipanua, kilipata maradhi yale yale, majani ya manjano, maua yasiyo na kitu chini. Ukaja kwangu na mche mkononi, umeushika kwa mikono miwili.

"Baba, mbona ya bibi iko muzuri? Tulipanda siku moja. Mbegu ni moja."

Ulikuwa na akili kuliko mimi. Uliuliza swali ambalo monitor wa kilimo, yule anayefundisha wakulima, angeuliza. Mkulima wa kweli angekaa chini akalifikiri. Mimi nilikuwa nimeaibika mbele ya wazee watatu wa msikitini, nina hasira, na nilitaka swali lile liondoke mbele yangu. Nikasema: "Watu hawana mukono moja. Mukono ya bibi ni ya mbegu. Labda yako haiko ya mbegu."

Ukaitazama mikono yako. Nakumbuka uliigeuza, ndani na nje. Kisha ukaenda kuiosha.

Tangu siku ile hukupanda kitu. Watu waliona ni uvivu, mama yako akakugombeza, na mimi nikajua sio uvivu. Bibi yako alipokuita shambani ulikubali kubeba maji, lakini mfuko wa mbegu ulikuwa unaupita kwa mbali, mikono umeifunga nyuma. Jirani alipotuletea kipande cha ua la kupanda uani, ulimwita mama yako alichomeke, wewe ukamwagilia umesimama mlangoni, ili usilitie nuksi. Siku moja maharage yalikumwagikia pale karibu na jiko. Uliyaokota moja moja mpaka jioni. Nilikuuliza ya nini, ukasema hutaki yaote halafu yafe kwa sababu yako. Moja ulilisahau chini ya kizingiti. Liliota, likapanda ukutani, likazaa maganda matano makubwa. Nililiona kila asubuhi. Ningeweza kukushika mkono nikakuonyesha. Nikanyamaza, kwa sababu kukuonyesha haragwe lile kungenilazimisha kueleza karanga zile.

Bibi yako aliyagundua mafungu nyuma ya mawe. Alikuja dukani na fungu moja limekauka, akaliweka juu ya cherehani, juu kabisa ya nguo ya mteja.

"Fundi. Kunguru ya wapi inajua kufunga na uzi?"

Hata ulimwengu unaoendelea haukunisaidia.

"Mutoto anajua?"

"Nitamwambia, mama."

"Siku gani?"

"Kesho."

Aliniuliza tena mara nyingi kwa miaka iliyofuata, wakati mwingine kwa macho tu, mbele ya wageni, akinipitishia sahani ya karanga. Mara ya mwisho aliniuliza alipokuwa amelala kitandani, mwaka juzi, na nikamjibu lile lile. Akacheka mpaka akakohoa. Mungu amrehemu. Hakukuambia yeye mwenyewe, ingawa angeweza. Nadhani alitaka niwe mtu mzima, na akaniachia nafasi kubwa kuliko niliyostahili.

Sasa nikuambie nilivyojua ukweli wa karanga, maana huko unakokwenda utauhitaji.

Ilikuwa msimu uliofuata, kabla mvua hazijaanza. Palikuja dukani monitor wa kilimo, kijana mwembamba mwenye baiskeli na kaptura ya kaki, anatembea kinyumenyume akiegemea ukuta. Kaptura ilikuwa imepasuka nyuma kutoka mshipi hadi chini.

"Fundi, nisaidie mbio. Agronome, mukubwa wangu, iko ananingoja ku Rubona. Nitasimama mbele yake namna gani hivi?"

Nikampa kitenge cha mama yako ajifunge, akakaa kwenye kigoda na kofia yake ya kazi kichwani, kitenge chenye majogoo kiunoni. Niliona ndiyo nafasi yangu, maana mtu asiye na kaptura hawezi kukimbia swali. Nikamweleza karanga zangu kana kwamba ni za rafiki yangu.

"Huyo rafiki yako alipanda wakati gani?"

"Kisha mvua. Wiki ine hivi."

"Bon. Na alipanda karibu-karibu ao mbali-mbali?"

Nikanyoosha mkono, bega hadi kidole. Yule kijana akashika kichwa.

"Mana yanjye! Huyo rafiki yako alifungulia ugonjwa mulango, akaitandikia na kitanda."

Akaniambia kuna vidudu vidogo vyeusi, vidogo kama chawa, vinavyokaa chini ya majani na kunyonya maji yake. Vingine vinaota mabawa, vinachukuliwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, na mdomoni vinabeba maradhi yale. Vikinyonya mche mgonjwa kisha vikashukia mzima, basi umekwisha. Mche ukiupata ungali mdogo hauzai kitu, unabaki kujikunja na kuwa ua. Mimi sikuamini. Akamimina vifungo vyangu vyeusi juu ya kitambaa cheupe, akavitawanya.

"Angalia. Unaona kila kifungo, si ndiyo? Kadudu nako iko juu kanaona hivi. Udongo, jani, udongo, jani. Kanasema, voilà, chakula iko hapa, kanashuka." Kisha akavisukuma vyote pamoja kwa viganja. "Na sasa? Hakaone tena moja-moja. Karanga ikifunika udongo, tududu mingi tunapita tu. Na ile ulipanda mapema, donc wakati tududu twenyewe tunakuwa mingi, yenyewe imekwisha kuwa mukubwa, haiogopi sana."

Basi ikawa wazi kwangu. Bibi yako alipanda mapema na kwa kubana, akapona. Mimi nilichelewa na nikapanua, nikaugua. Na wewe, Sauda, ulipanda mapema na kwa kubana kama yeye, ulikuwa umepona kabisa, mpaka mimi nilipokuja na utepe nikafungua udongo wako, kando ya shamba langu lililojaa wagonjwa. Nikauliza swali langu la mwisho, sauti ikiwa chini.

"Na mukono ya mutu? Mutu anaweza kuwa na mukono mubaya, ikaleta hiyo ugonjwa?"

Akanitazama kutoka chini ya kofia. "Mukono? Fundi, kadudu hakaangalie mukono. Mukono ya nani?"

"Ya mutu moja tu," nikasema, nikainamia cherehani. Nilishona kaptura ile vibaya mno, nikashona na mifuko yote miwili ikazibwa. Alirudi kesho yake na malalamiko, na nilimwambia ndivyo zinavyoshonwa Bukavu.

Jibu hilo la Bukavu ndilo ugonjwa wangu mwingine, na ningependa usiurithi. Zamani, kabla hujazaliwa, nilimkatia mteja koti mikono ikawa mifupi, viwiko karibu vinaonekana. Badala ya kuomba radhi nilimwambia ni mtindo mpya. Akaamini. Akatembea nalo mjini, na mwezi uleule watu watatu wakaja kuomba mikono mifupi. Nikajifunza kwamba kosa likisifiwa vya kutosha watu wanalivaa, na nikaishi hivyo miaka yote, na kwenye nguo inawezekana. Kwa mtoto haiwezekani. Wewe ulilivaa kosa langu ukalifanya ngozi yako. Ulipolisema mbele ya Bi Mwavita, hukulisema kama mtu anayetaja bahati mbaya, ulilisema kama mtu anayetaja jina lake. Nikaumia, mwanangu. Usiku ule nililala upande mmoja mpaka asubuhi.

Msimu ule wa monitor nilipanda karibu-karibu, siku ya mvua ya kwanza, nikamwambia kila mtu kwamba najaribu tu. Karanga zikajaa. Wewe ulizivuna pamoja nasi, ukafurahi kwa ajili yangu, ukasema, "Baba, mukono yako imepona." Nikasema alhamdulillahi. Unaona jinsi nilivyo? Hata dawa nilikunywa peke yangu.

Mteja mmoja ameingia sasa hivi kuulizia blauzi yake, akaniona nafuta macho. Nimemwambia ni vumbi la kitambaa. Ameondoka na blauzi isiyo na vifungo na hajagundua, basi nitaonana naye kesho.

Nikupe kile kidogo ninachokijua, kisha ninyamaze. Bugarama kuna joto na karanga huko ni kazi ya kweli, na Bi Mwavita anajua kuliko mimi na monitor wangu wote wawili, kwa hiyo muulize yeye kwanza. Mimi nilikuwa na bibi yako hatua kumi kutoka kwangu na jembe mkononi, nikaenda kuuliza utepe. Usingoje Idi wala harusi ya mtu, mvua ya kwanza ikilainisha udongo panda. Kati ya mbegu na mbegu weka kiganja chako kimoja, kati ya mstari na mstari shibiri mbili, na ukiona ardhi imefunikwa usiihurumie, hiyo ndiyo raha yake. Karanga zinazoota zenyewe kutoka mavuno ya nyuma uzing'oe mapema, hata kama zinakutia huruma kwa sura, maana wale chawa wanakaa humo wakingoja wageni. Na ukiona mche umependeza sana, mdogo, umejaa, wa manjano kama ua la kupambia meza ya chai, usiite wazee wa msikitini. Geuza jani utazame chini.

Ukikosea, na utakosea, sema siku ileile. Nakuambia kwa sababu najua gharama ya upande wa pili. Siku ya kwanza ingekuwa maneno matano: mwanangu, ni mimi, nisamehe, tupande. Ungelia kidogo, tungecheka, tungewaacha kunguru wa watu wapumzike. Leo nimejaza karatasi nne za hesabu za dukani pande zote mbili, na bado naona hazitoshi.

Nimeisoma barua hii tangu juu na nimeona ujanja wangu ndani yake. Nilikuwa nimepanga kuishona ndani ya bitana ya lile koti nililokutengenezea, uikute siku moja ukiwa Bugarama, siku mbili za safari kutoka kwenye uso wangu. Mpango mzuri wa kifundi. Ungekuwa unaendelea kuogopa mbegu mpaka koti lichakae, na hilo koti nimelishona vizuri, lingechukua miaka kumi.

Kwa hiyo sitaishona. Jua bado liko juu ya ziwa, magharibi haijafika, na Bi Mwavita yuko chumbani anajipumzisha. Nitakupa barua mkononi, nisimame hapo hapo mpaka uimalize, nisitafute sindano. Kisha tutaingia ndani wote wawili na nitamwambia shangazi yako mpya kwa kinywa changu: huyu mutoto hana mukono mubaya, ni mimi niling'oa. Nimeyajaribu maneno hayo mara tatu peke yangu hapa dukani, na mtu aliyekuwa mlangoni ameniuliza niling'oa nini.

Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunikasirikia, una haki yote, na boti haiondoki mpaka asubuhi. Nina mbegu kwenye kikombe hapa, za shamba letu, na uani karibu na tangi kuna udongo uliolainika. Ningependa nikuone unapanda hata moja kabla hujaondoka, kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nikiwa nimeiweka mikono yangu mfukoni.

Nimekuita. Umeitika. Nasikia ndara zako zinakuja.

Baba yako